Msongo wa Mawazo kwa Wanafunzi wa Udaktari: Tusiwaite "Daktari" Mapema Mno

Kijana wa parokiani akichaguliwa kusomea udaktari, habari huenea jumuiya nzima kabla hajafunga begi. Kuanzia siku hiyo anaitwa daktari. Wazee wanamwonyesha magoti yanayouma, mchango wa nauli unapitishwa, na mama yake anageuka kuwa Mama Daktari. Tunafanya hivyo kwa upendo. Hata hivyo, wapendwa wasomaji, tungependa tuufahamu mzigo anaokwenda kuukuta huko, na namna jina hilo zuri linavyoweza kuuongeza.

Hapa Tanzania shahada ya udaktari wa binadamu huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Miaka ya mwanzo hutawaliwa na anatomia, fisiolojia na biokemia. Mifupa, misuli, mishipa ya damu na neva hujifunzwa kwa mamia, na majina mengi ni ya Kilatini na Kigiriki. (Waseminari msifurahi haraka, mtaelewa maana ya jina, lakini mshipa wenyewe bado mtautafuta.) Anayeshindwa somo hurudia mtihani, yaani anapata "sapu". Akizidi kushindwa hukariri mwaka, au "anadisko", ndiyo kusema anaondolewa chuoni.

Baadaye huja miaka ya wodini. Huko mwanafunzi huulizwa maswali mbele ya mgonjwa, wauguzi na wenzake, na asipojua jibu, kila mtu anasikia. Huko pia hukutana na kifo cha mgonjwa aliyeongea naye jana yake, na kesho yake asubuhi kuna raundi nyingine.

Msongo kidogo si ugonjwa. Mtihani ukikaribia, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, moyo huenda mbio, na akili huwa macho. Shida huanza hali hiyo ikidumu kwa miezi. Usingizi hupotea, na usingizi ndio wakati ubongo unapoimarisha kumbukumbu ya yale yaliyosomwa mchana. Kwa hiyo anayekesha kila usiku ili asifeli anajiharibia kile kile anachokitafuta. Anasoma zaidi na kukumbuka kidogo, kisha anajiona mjinga.

Tukiulizwa ni nini kinachoumiza kuliko vyote, hatutataja wingi wa vitabu. Karibu kila aliyeingia darasa lile alikuwa miongoni mwa vinara shuleni kwake. Sasa vinara wote wako chumba kimoja, na lazima mmoja wao awe wa mwisho. Kijana ambaye hajawahi kushindwa mtihani hajui afanye nini siku akishindwa. Simu inaita kutoka nyumbani: "Daktari wetu, masomo yanaendaje?" Anajibu, "Vizuri tu." Angejibuje, na wanajumuiya walimchangia nauli? Nasi tunaoitwa "Padre" kila likizo, wakati hata falsafa hatujaimaliza, tunalifahamu jibu hilo.

Ukimya huo una gharama. Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti kutoka nchi zaidi ya 40 na kukuta kwamba takribani asilimia 27 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona au dalili zake, na asilimia 11 walikuwa wamewahi kufikiria kujiua. Kati ya walioonekana kuwa na sonona, ni kama asilimia 16 tu waliotafuta tiba. Hawa ni watu wanaoishi jirani kabisa na hospitali! Wanaogopa kuonekana dhaifu, na wanaogopa kukutana dirishani na mwalimu wao.

Basi tumwite kwa jina lake la ubatizo hadi atakapohitimu. Akipiga simu, tuanze kumuuliza kama amekula na kama analala, matokeo yatafuata. Na aambiwe mapema, kabla ya mtihani wowote, kwamba akipata sapu au hata akidisko, nyumbani ni kwake. Maneno hayo hayawezi kungoja siku ya matokeo, kwa sababu siku hiyo huenda asipokee simu.

Akianza kujitenga, kuacha kula, kugawa vitu vyake au kusema hana sababu ya kuishi, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali yenye huduma ya afya ya akili, kwa kuwa sonona ni ugonjwa na hutibika. Tusali naye pia, ila tusimwambie kwamba anaugua kwa sababu imani yake ni haba. Na mmoja wetu afuatane naye hadi chumba cha daktari, maana akienda peke yake huenda akaishia getini.