Udongo mwekundu wa mpakani na ndoto ya nikeli

BUSIA – Magunia ya mahindi, trei za mayai na marobota ya mitumba hupita mpakani hapa kila siku, na aliyezoea kuyashika hahitaji mashine kuyapima. Mahindi yasiyokauka hujulikana kwa kuuma punje. Yai viza hujulikana likitikiswa. Hata dhahabu, ambayo wilaya ya Busia upande wa Uganda imeizoea kupitia machimbo kama ya Tiira, ina kipimo cha macho: mchanga ukioshwa kwenye karai, ikiwemo itaonekana iking'aa chini.

Nikeli haina tabia hiyo. Mtu anaweza kuikanyaga maisha yake yote asiione, na anaweza vilevile kuuziwa shamba la udongo mtupu akidhani amenunua nikeli. Kwa wafanyabiashara wenye akiba kidogo na masikio yaliyozoea tetesi za machimbo, hapo ndipo hatari ilipo. Ujuzi wa dhahabu haumsaidii mnunuzi wa udongo mwekundu.

Udongo wenyewe si mgeni. Wataalamu wa miamba huuita lateraiti. Makandarasi wa barabara huchimba tabaka lake gumu la juu na kuliita moramu, ile inayomwagwa kwenye barabara za vijijini kutoka Busia hadi Tororo. Hutokea pale joto na mvua nyingi vinapoulowesha mwamba kwa maelfu na mamilioni ya miaka. Maji hubeba vinavyoyeyuka upesi, kama magnesia na silika, na kuacha vilivyo vizito wa kuondoka, hasa chuma, ambacho kutu yake ndiyo rangi nyekundu.

Swali ni mwamba gani ulikuwa chini kabla haujaoza. Kama ulikuwa mwamba mweusi-kijani wenye magnesia nyingi, uliotoka vilindini mwa dunia, basi ulikuwa na nikeli kiasi cha asilimia 0.2 hadi 0.3 tangu mwanzo, na kuoza huko kunaweza kuikusanya ikafika asilimia 1 au 2. Kama ulikuwa mwamba wa matale wa kawaida, unaweza kuoza hadi siku ya kiyama na ukaacha mfinyanzi na chuma tu. Kwa macho, udongo wa juu wa sehemu zote mbili unaweza kuwa mwekundu vilevile.

Tororo ina mfano mzuri wa kazi hiyo ya maumbile, ingawa si wa nikeli. Katika vilima vya Sukulu, mwamba wa asili ya chokaa uliotokana na volkano ya kale uliyeyushwa na mvua, na fosfeti ikabaki katika udongo wa juu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni tani milioni 230 za udongo huo. Lakini historia yake ni ya kusimama na kuanza. Kiwanda cha mbolea kilifanya kazi miaka ya 1960, kikanyamaza mwishoni mwa miaka ya 1970, na ilikuwa Oktoba 2018 Rais Yoweri Museveni alipozindua kiwanda kipya cha kampuni ya Kichina ya Guangzhou Dongsong. Mali ilikuwepo ardhini muda wote huo wa miaka arobaini, na malori ya mbolea ya kutoka nje yakaendelea kuingia kupitia Malaba.

Nikeli ya lateraiti iliyo maarufu zaidi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iko Musongati, kusini mashariki mwa Burundi. Iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa utafiti uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa. Makadirio huzungumzia zaidi ya tani milioni 100 za mawe na udongo, zenye nikeli ya takriban asilimia 1.3. Leseni ya uchimbaji ilitolewa 2014. Hadi leo tatizo halijawa kutafuta tena. Ni umeme na usafiri. Ndiyo maana reli ya kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, ambayo nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano yake mwaka 2022, inatajwa kila nikeli hiyo inapotajwa.

Kabanga, wilayani Ngara nchini Tanzania, huchanganywa na Musongati kwa sababu ziko katika ukanda mmoja. Hiyo ni habari nyingine. Nikeli ya Kabanga imo ndani ya mwamba mgumu wenye salfa, chini sana, na haitokani na udongo mwekundu. Serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba wake Januari 2021 ikachukua hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel.

Mfanyabiashara ataielewa asilimia 1.3 vizuri zaidi akiihesabu kwa gunia. Chukua gunia la kilo 100 la udongo wa aina ya Musongati. Udongo huo hushika maji mengi. Toa kilo 30 za maji, zibaki 70. Asilimia 1.3 ya hizo ni gramu 910 za nikeli. Bei ya dunia ikiwa dola 15,000 kwa tani, kiwango ilichozunguka baada ya kushuka mwaka 2024, nikeli yote iliyo ndani ya gunia ina thamani isiyozidi dola 14. Hiyo ni kabla ya kuitoa, na hakuna mnunuzi anayelipia nikeli ambayo bado imo udongoni kana kwamba imeshatolewa. Lori la tani 28 halifikishi dola 4,000 za nikeli. Mafuta ya kulifikisha bandarini, tozo na siku za foleni bado hazijahesabiwa.

Kwa hiyo anayetaja bei ya nikeli kwa gunia, kama anavyotaja bei ya maharage, hajafanya hesabu au anatumaini mwenzake hajafanya.

Na bei yenyewe haitulii. Machi 2022 nikeli ilipanda katika soko la London hadi ikavuka dola 100,000 kwa tani, biashara ikasimamishwa. Baadaye Indonesia, iliyopiga marufuku kuuza nje udongo wake ghafi tangu Januari 2020 na kujenga viwanda kwake, ilijaza soko. Lateraiti ya Afrika Mashariki itashindana na huyo.

Je, utafutaji wa kweli hufanywaje? Huanza mbali na shamba la mtu. Uganda ilirusha ndege za upimaji juu ya takriban asilimia 80 ya nchi, Karamoja ikiachwa kwa sababu za usalama, na ramani zake ndizo huwaonyesha wataalamu mwamba gani umelala wapi. Kisha watu hushuka. Hutembea kwa mistari iliyopangwa, wakichukua udongo kila baada ya hatua kadhaa. Panapotia moyo, huchoronga kwa keekee ya mkono au ya mashine, wakiweka kando udongo wa kila mita, kwa sababu nikeli hukaa kwa matabaka: juu gamba la chuma lenye kidogo, katikati udongo wa manjano, chini mwamba uliooza nusu ambao mara nyingi ndio wenye nyingi. Mashimo hurudiwa karibu karibu zaidi, mwaka baada ya mwaka. Sampuli moja nzuri haina maana kubwa, kama gunia moja safi lisivyothibitisha shehena nzima.

Siku hizi kuna kifaa cha mkononi mfano wa bastola, kinachotumia eksirei na kuandika namba papo hapo. Hapa ndipo pa kuwa macho. Kifaa hicho mara nyingi huhesabu sehemu katika milioni, si asilimia. Namba 1,200 kwenye kioo hupendeza, lakini maana yake ni asilimia 0.12, yaani chini hata ya mwamba mweusi-kijani ambao haujaoza. Musongati ingesoma kama 13,000. Na hata hiyo ingehitaji kuthibitishwa maabara.

Karibu zaidi na Busia, lateraiti imeleta kitu kingine. Makuutu, katika wilaya za mashariki mwa Uganda zikiwemo Bugiri na Mayuge, si mbali na barabara ambayo malori ya Busia hupita kwenda Iganga na Jinja. Mfinyanzi ulio chini ya gamba jekundu hapo umeshika madini adimu yanayotumika katika sumaku za mota. Leseni ya uchimbaji ilitolewa Januari 2024, baada ya miaka ya uchorongaji. Mfinyanzi huo huoshwa kwa chumvi, hasa salfeti ya amonia, ambayo wauza pembejeo wanaijua kama mbolea ya SA.

Kwa mfanyabiashara, biashara ya aina hiyo inaeleweka kuliko kipande cha ardhi chenye uvumi. Mradi wa udongo hununua vyakula, vyumba vya kulala, mafuta, vipuri na kemikali kwa wingi. Kiwanda cha nikeli ya lateraiti kinachotumia tindikali huhitaji pia mawe ya chokaa ya kuipoozesha baadaye, bidhaa ambayo Tororo imeijua tangu kiwanda chake cha saruji miaka ya 1950. Musongati ni mbali mno kwa chokaa ya Tororo kushindana kwa urahisi, ila mradi mwingine ukitokea jirani hesabu inabadilika.

Ardhi, kwa upande wake, haileti madini mikononi mwa mnunuzi. Katiba ya Uganda inaweka madini chini ya serikali, na sheria mpya ya 2022 haikubadili hilo. Kenya ni vivyo hivyo: Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Mwenye shamba ana haki ya fidia kwa mazao, nyumba na matumizi ya ardhi yake, nayo inafaa kuandikwa kabla keekee ya kwanza haijaingia.

Kuna na suala la kubeba. Cheti rahisi cha asili, kinachowarahisishia wachuuzi wa mpakani kuvusha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hakichukui nafasi ya leseni ya madini. Hata mfuko wa sampuli unahitaji kibali cha idara husika. Anayeupitisha njia ya panya anabeba kosa, na kilichomo bado ni dola chache.

Anayetaka kujua kama kweli kuna mtafutaji katika eneo fulani hahitaji kumlipa dalali. Uganda na Kenya zote zina ramani za leseni za madini mtandaoni. Mtu hufungua kwa simu, hukuza ramani hadi kwenye kijiji, na kama kuna leseni ataona mipaka yake na jina la aliyepewa. Pasipo na leseni, yule aliyekuja juzi na kifaa chake hana ruhusa ya kuchoronga.