Grenda ilinikata, mkasi wa baba ukanifunza

Nina kovu la nyuzi sita kwenye kidole gumba cha kushoto. Nililipata nyumbani kwetu hapa Maskati, siku niliyotaka kumtengenezea mama chetezo cha shaba kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu.

Nilichora duara kwa bikari, nikawasha grenda. Kosa langu lilikuwa hapo. Diski ya grenda ni bapa, inajua kwenda moja kwa moja tu. Nilipoipindisha ifuate duara ilibanwa na bati, ikaruka. Glovu haikunisaidia kitu.

Baba alikuwa fundi bati Unguja, na baadaye akafanya kazi hiyo hiyo hapa. Siku hizi macho yake hayaoni vizuri. Niliporudi hospitali hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, kona haitaki haraka. Kidonda kikipona nenda kanunue mikasi miwili ya bati, mmoja wa mpini mwekundu, mmoja wa kijani."

Mimi nikidhani rangi zile ni pambo! Kumbe mwekundu unakata ukikunja kushoto, kijani ukikunja kulia, na wa njano ni wa mstari ulionyooka. Mikasi hii inaweza bati la chuma laini lenye unene wa milimita 1.2 hivi, na shaba nyembamba haiishindi.

Basi baba akakaa kitini, mie nikakata, yeye akisikiliza sauti ya mkasi. Kwanza nikakata nje ya mstari, nikaacha kama milimita 3. Ndipo nikarudi kuufuata mstari wenyewe, kwa sababu ukanda mwembamba hujikunja pembeni wala hauuzuii mkasi. "Usiufunge mpaka mwisho," akanionya, "ncha zikikutana zinaacha jino. Na mkono utulie, lizungushe bati."

Kwa tundu la katikati, toboa kwanza kwa keekee mpaka mkasi uingie, kisha kata ukizunguka kama gamba la konokono, ukipanuka taratibu mpaka ufike kwenye mstari. Bati likiwa nene, tumia msumeno wa umeme wa kukatia kona wenye meno madogo madogo, na ulibane bati baina ya plaiwudi mbili lisitetemeke. Mwisho piga tupa, maana ukingo uliotoka kukatwa ni wembe. Na miwani ya kinga usiiache.

Nilipomaliza nilimpa baba chetezo. Akapitisha kidole polepole kwenye mdomo wote, akasimama mahali pamoja.

"Hapa uliufunga mkasi."

Nikaangalia. Kweli, palikuwa na kijino ambacho mimi mwenye macho mazima sikukiona. Usiku wa harusi mama alikifukiza kile chetezo ukumbi mzima, lakini kabla ya hapo nilikaa chini, nikachukua tupa tena.