UZI: Mkaratusi, bwawa na siasa za "panda mti" huku Gusii

Kila kiangazi kikifika, kati ya Desemba na Februari, mjadala ule ule unarudi Kisii na Nyamira. Chemchemi zinapungua, akina mama wanapanga foleni ya mitungi saa kumi na moja asubuhi, halafu kiongozi fulani anashika maikrofoni kwa matanga na kusema: "Kateni mikaratusi yote!" Wiki inayofuata mwingine anajibu: "Hao wanataka kuwanyang'anya mashamba." Watu wanapiga makofi pande zote mbili.

Kawaida ya uzi zangu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukimtaja mtu kwa comment ni wewe na yeye. Leo tuangalie hoja zenyewe.

Hoja ya kwanza, na ndiyo inayonikera zaidi: "Mti ni mti. Tumepanda miti, tumetunza mazingira."

Mnakumbuka Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Novemba 13, 2023 tukapewa hadi siku ya mapumziko ya kupanda miti. Sio vibaya. Katiba yenyewe, kifungu cha 69, inataka asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Lakini hesabu ya rasilimali za misitu ya 2021 ilitoa namba mbili tofauti: miti imefunika asilimia 12.13 ya Kenya, msitu ni asilimia 8.83 tu. Kwa nini namba mbili? Kwa sababu miti ikiwa kwa mstari kando ya shamba la chai inahesabiwa kama miti, ila hiyo sio msitu. Gusii karibu miti yetu yote ni ya hivyo, ya shambani. Ukipita barabara ya Kisii kwenda Keroka utaona kijani kila upande, uamini tuko sawa.

Sasa muulize korongo taji.

Huyu ni yule ndege mrefu mwenye shungi la dhahabu kichwani, ambaye Uganda wamemweka kwenye bendera. Tangu 2012 yuko kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kuna kitu kimoja kuhusu yeye ambacho mwanasiasa angekipenda sana: korongo wengine duniani hawawezi kutua juu ya mti, lakini korongo taji anaweza, kwa sababu kidole chake cha nyuma ni kirefu na kinashika tawi. Analala juu ya miti mirefu. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, si basi tumempandia vitanda?

Shida ni kwamba kulala na kuzaa ni vitu viwili. Kiota chake hakiko juu ya mti. Anakanyaga nyasi na mafunjo katikati ya bwawa, palipo na maji ya kina kifupi, anataga mayai mawili au matatu hapo. Maji ndiyo ukuta wake dhidi ya mbwa na watoto, na nyasi ndefu ndizo pazia. Kausha hilo bwawa na upande miti elfu moja, umempa kitanda ukamchomea nyumba ya uzazi. Atakuja jioni, mtampiga picha, mtasema wapo. Vifaranga hamtaona.

Hiyo ndiyo maana ya makazi ya kiumbe. Haitoshi kuwe na kijani. Kila mmea na kila mnyama ana mahitaji yake ya maji, joto, udongo na majirani, na ukiondoa moja mengine hayamsaidii. Hata chai yetu ni hivyo hivyo. Inataka udongo wenye asidi, baridi kiasi, na mvua iliyosambaa mwaka mzima. Ndiyo maana iko Nyansiongo na Kebirigo, haiko Kendu Bay. Hakuna mkulima anayebishana na hilo. Lakini akiambiwa bwawa nalo lina masharti yake, anaona ni mambo ya wazungu.

Twende kwa maji, maana hapa ndipo watu hurushiana maneno bila kuelewana.

Mkaratusi sio mti wa kwetu. Asili yake ni Australia na visiwa vya jirani. Uliletwa Kenya 1902, ili kupata kuni za kuendesha garimoshi la reli ya Uganda. Waliuchagua kwa sababu ile ile inayotufanya tuupende leo: unakua haraka mno na ukiukata unachipuka tena. Huwezi kukua kwa kasi hiyo bila kunywa. Na haupukutishi majani wakati wa kiangazi kama miti mingine inavyofanya, kwa hiyo unaendelea kuvuta maji mwezi ambao mto hauna cha kutoa.

Kwa haki, kuna upande wa pili ambao wanaharakati huuruka. Ukihesabu maji kwa kila kilo ya kuni, mkaratusi sio mbadhirifu hata kidogo. Unatumia maji mengi kwa sababu unatengeneza mbao nyingi. Tatizo ni pale unapousimamisha. Juu ya mlima wenye mvua nzuri unakunywa mvua ya pale na kusubiri nyingine. Ukiusimamisha ndani ya bwawa au juu ya chemchemi, mizizi iko kwenye tangi moja kwa moja, na hakuna siku utaambiwa basi.

Ushahidi? Upo, na sio wa kubahatisha. Mwaka 1969 watafiti wa Afrika Kusini walichukua bonde dogo la nyasi huko Mokobulaan, kwenye milima ya Mpumalanga, wakapanda mikaratusi na kupima kijito chake. Mwaka wa 9 kijito kikakauka kabisa. Miti ilipofika miaka 16 ikakatwa yote. Unafikiri maji yalirudi kesho yake? Ilichukua miaka 5 kijito kutiririka tena mwaka mzima, kwa sababu udongo wa chini ulikuwa umenyonywa na ulihitaji kujazwa kwanza.

Soma hapo tena kama wewe ni wa "kateni yote leo". Mwanasiasa anayeahidi maji ndani ya siku 100 kwa kukata miti anakudanganya kwa hesabu. Vilevile usikimbie kusema Gucha itakauka kesho. Huku kwetu mvua ni nyingi, kwa kawaida zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na bonde la Gucha ni kubwa mara nyingi kuliko kile kibonde cha majaribio. Kinachoumia kwanza ni vijito vidogo na chemchemi za kijiji, zile ambazo hazina jina kwenye ramani lakini ndizo zinazopika ugali.

Na Gucha yenyewe inaanza kwetu. Inatoka vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, inashuka Kisii, inapita Migori ikiitwa Kuja, inamwaga Ziwa Victoria. Mtambo wa Kegati unachota humo kupeleka maji Kisii mjini. Kwa hiyo bwawa la Nyamira likigeuzwa shamba la miti, au shimo la udongo wa matofali kama watu wanavyofanya Sironga, bili yake inalipwa na mtu wa Daraja Mbili ambaye hajawahi hata kuliona. Bwawa ni sponji. Linashika mvua ya Aprili na kuiachilia polepole hadi Januari. Ukilifinya, unapata mafuriko mwezi wa nne na ukame mwezi wa kwanza, kwa mto ule ule.

Kuna hoja nyingine nasikia sana kwa baraza: "Bwawa ni nyumba ya mbu, likaushwe." Inaonekana ya maana. Hata wakoloni Uganda walipanda mikaratusi makusudi kukausha mabwawa sababu ya malaria. (Wale wanaosema mkaratusi haukaushi maji wajibu hiyo kwanza.)

Lakini sikiza hii. Malaria kwa milima inazuiwa na baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, vimelea hukua polepole sana ndani ya mbu, mbu anakufa kabla ya kukuambukiza. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa Kabale, Uganda, milima kama yetu. Walilinganisha vijiji vilivyo kando ya mabwawa ya mafunjo yaliyoachwa na vile vilivyo kando ya mabwawa yaliyolimwa. Penye mabwawa yaliyolimwa joto lilikuwa juu kidogo, na mbu wa malaria ndani ya nyumba walikuwa wengi zaidi. Mafunjo yanatia kivuli na kupooza maji. Ukiyafyeka unabaki na mitaro na vidimbwi vinavyopigwa jua, na hapo ndipo yule mbu anapenda kutaga. Waliokuwa Kisii na Gucha mwaka 2002 wanajua mlipuko wa malaria mlimani unafananaje. Sisemi ule wa 2002 ulisababishwa na kufyeka mabwawa. Mvua na joto la mwaka huo lilikuwa na nafasi kubwa. Nasema kukausha bwawa sio dawa ya mbu.

Haya, pesa. Nisipozungumzia pesa mtaniambia nimesoma vitabu nikasahau nyumbani.

Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, kwa sensa ya 2019. Nyamira zaidi ya 600. Baba anagawia vijana watano, kila mmoja anabaki na kipande kisichofika ekari. Kile kipande cha chini kwenye majimaji hakizai mahindi wala chai, lakini mkaratusi unakua pale kama umetumwa. Miaka michache unauza nguzo za stima, mbao, au kuni kwa kiwanda cha majani, maana maboila ya kukausha chai yanakula kuni mwaka mzima. Hiyo ndiyo karo ya sekondari. Ndiyo hospitali ya omong'ina. Mtu akija na msumeno bila kitu mkononi, usishangae akikutana na panga.

Na hii ndiyo sababu agizo la 2009 halikufika mbali. Waziri wa mazingira wa wakati huo aliagiza mikaratusi iliyo kwenye maji ing'olewe. Mwaka huo huo idara ya misitu ikatoa mwongozo uliosema usipandwe kwenye mabwawa na kingo za mito. Machifu wakatumwa. Nenda mtoni leo ujionee kama imeisha.

Sheria inasema nini hasa? Kanuni za mazingira za 2009 zinaweka ukingo wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, kuanzia pale maji ya mafuriko yalipowahi kufika juu zaidi. Kanuni za maji za 2007 zilikataza kulima kwenye ukingo na kupanda miti ya kigeni inayoweza kudhuru maji. Na hapa wale wa "wanataka kutuibia mashamba" wasome vizuri: kanuni hizo za 2007 zilieleza wazi kwamba kutenga ukingo hakubadilishi mwenye ardhi. Hati inabaki yako. Kinachobanwa ni matumizi.

Lakini usidharau hofu yao. Piga hesabu: shamba linalopakana na mto kwa urefu wa mita 100. Ukingo wa mita 6 ni mita 600 za mraba, kama asilimia 15 ya ekari. Ukingo wa mita 30 ni mita 3,000 za mraba, karibu robo tatu ya ekari. Kwa mwenye ekari moja, hiyo ya pili hata kama hati ni yake, shamba limeisha. Kati ya 6 na 30 kuna maisha ya familia nzima, na anayeamua ni ofisa mwenye kamba ya kupimia.

Kwa hiyo ukimpata mgombea kwa mkutano, usimuulize kama anapenda mazingira. Wote wanapenda. Muulize mto wa wadi yenu umepimwa mita ngapi na ni nani aliupima. Muulize mwenye miti kwenye ukingo ataachwa avune iliyopo kisha ang'oe visiki kwa awamu, au atakatiwa siku moja. Muulize nani ananunua miche ya mianzi au ya mikuyu ya kurudishia, na mwenye shamba atakula nini kabla mianzi haijawa pesa. Kama anasema kaunti haina mamlaka, mkumbushe Jedwali la Nne la katiba: kutekeleza sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu ni kazi ya kaunti.

Na muulize swali ambalo sijasikia likiulizwa: kuni za viwanda vya chai zitatoka wapi? Kama kiwanda kinaendelea kununua mkaratusi bila kuuliza umekatwa wapi, ule wa bwawani utaendelea kupandwa, hata mkifanya mabaraza mia. Sisi wenyewe wakulima ndio wenye hisa kwenye hivyo viwanda, na wakurugenzi tunawachagua. Kwa mkutano mkuu unaofuata, swali hilo lina nguvu kuliko maandamano.

Wa Borabu, Bobasi, Mugirango na kwingine, niwekeeni hapa chini: chemchemi ya kwenu inaitwaje, na mwezi wa pili inatoa maji au haitoi?