Tofali na Maji

Dumila ni mji mdogo wa wilaya ya Kilosa, katika njia kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Karibu yake hupita mto Mkundi. Wakati wa kiangazi maji ya mto huo ni machache, na mgeni aweza kudhani kwamba hauwezi kumdhuru mtu. Lakini mwezi wa Januari mwaka 2014 mvua kubwa zilinyesha milimani, mto ukafurika, barabara ikakatika penye daraja, na maji yakaingia katika nyumba za Dumila na Magole. Nyumba nyingi zilianguka. Basi mtu atakaye kujenga katika nchi kama hiyo yampasa kujua kwanza tofali lake litafanya nini likilowa.

Tofali lililo rahisi kupatikana ni tofali bichi. Udongo huchimbwa, hutiwa maji, hukanyagwa kwa miguu hata uwe laini, kisha hujazwa katika kalibu ya mbao. Kalibu ikiondolewa, tofali huachwa likauke. Si kila udongo ufaao. Udongo mweusi wa mbugani huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na wenye mchanga mwingi mno haushikamani. Mafundi wengi hupenda udongo wa kichuguu, maana mchwa wamekwisha kuuchagua. Wengine huchanganya majani makavu ili tofali lisipasuke. Desturi hiyo ni ya kale sana: Waisraeli walipokuwa watumwa katika Misri walitaabishwa kwa kuambiwa wajitafutie majani hayo wenyewe.

Tofali bichi halina gharama kubwa, na nyumba yake huwa baridi wakati wa jua kali. Likikauka huwa gumu, hata mtu aweza kusimama juu yake. Lakini liweke katika ndoo ya maji jioni, na asubuhi utakuta matope. Jua limeondoa yale maji aliyoyatia fundi, basi. Udongo wenyewe haukubadilika.

Kazi ya moto ni nyingine kabisa. Udongo wa mfinyanzi ukipata joto la kadiri ya digrii 600 hutokwa na maji yaliyofungwa katika asili yake, nao hauwezi tena kurudi kuwa matope. Tanuri nzuri hufika digrii 900 na zaidi. Tanuri ya kienyeji hujengwa kwa matofali yenyewe: hupangwa kama nyumba isiyo na vyumba, na chini huachwa mashimo ya kutilia kuni, kisha nje hukandikwa udongo ili joto lisitoke. Moto huwaka siku kadhaa usiku na mchana. Kuni nyingi huteketea, na hii ndiyo hasara yake kubwa, kwa maana milima ikikosa miti mafuriko huzidi. Mahali palimwapo mpunga, watu wengine huchoma kwa pumba.

Tanuri ikifunguliwa, matofali hayafanani. Yaliyokuwa karibu mno na moto yamepinda na kuyeyuka, na yale ya nje hayakuiva. Mnunuzi mwenye akili hugonganisha mawili: yaliyoiva hulia kama chuma, mabichi hutoa sauti nzito. Lakini hata tofali zuri halifai kitu likiunganishwa kwa matope, kwa maana maji huyaosha matope hayo, na ukuta huanguka na matofali yake mazima.

Matofali ya saruji hufanywa kwa saruji na mchanga, nayo huonekana zaidi kila mwaka kando ya barabara. Ni makubwa, kwa hiyo ukuta hupanda upesi. Ubora wake hutegemea uaminifu wa mfyatuaji: akipunguza saruji, tofali humomonyoka kwa kucha.

Yako pia matofali ya kufungamana, yaliyotengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi. Kila moja lina kichwa na tundu, na moja huingia katika jingine, hata chokaa au saruji ya kuyaunganisha huhitajiwa kidogo sana. Baada ya kufyatuliwa hufunikwa kivulini na kunyunyiziwa maji muda wa siku saba au zaidi. Tofali la namna hii likianikwa juani mara moja, saruji yake hukosa maji ya kushikia, nalo hubaki karibu sawa na tofali bichi.