Jicho Bovu Lipimwe Pamoja na Jicho Zima

Wasikilizaji wetu wa Mazwi na vijiji vyote vya Ufipa, mtu akishikwa ghafula na maumivu makali ya jicho moja, jicho likawa jekundu, akaona duara za rangi zikiizunguka taa, kisha akatapika, twaweza kudhani ni malaria. Kumbe huenda ni shinikizo la jicho, nalo laweza kumpofusha kwa siku chache.

Ndani ya jicho hutengenezwa maji daima. Maji hayo hupita katika mboni, yakatokea kwenye mfereji mwembamba ulio pembeni. Shinikizo la kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki. Mfereji ukiziba, laweza kupita 40.

Mfereji huziba kwa sababu mbili zifananazo kwa dalili. Ya kwanza ni umbo: jicho ni fupi, na lenzi yake huzidi unene kwa uzee, hata nafasi ya mbele ikasongwa. Ya pili ni lenzi kuhama. Lenzi hushikwa na nyuzi pande zote, kama ngozi iliyowambwa kwa vigingi. Jicho likipigwa na jiwe au fimbo, nyuzi zaweza kukatika, lenzi ikalegea na kusogea mbele.

Je, daktari atazitenganishaje? Hupima macho yote mawili, kwa mawimbi ya sauti au kwa mwanga. Jicho la mtu mzima lina urefu upatao milimita 23 au 24, na nafasi ya mbele ina kina kipatacho milimita 3. Mwenye ugonjwa wa umbo, mara nyingi macho yake yote mawili ni mafupi, na nafasi ya mbele ni finyu kotekote. Lakini ambaye lenzi yake imehama, jicho bovu lina kina kidogo kuliko lile zima, ingawa urefu wa macho hukaribia kulingana. Tofauti hiyo humfungua macho daktari.

Kupambanua huku si jambo dogo. Wa kwanza hutobolewa tundu dogo kwa leza, na jicho la pili nalo hukingwa. Wa pili aghalabu huhitaji kupasuliwa, na matone ya kubana mboni, yamfaayo mwenziwe, yaweza kumzidishia ugonjwa.

Basi yatupasa kumpeleka mgonjwa hospitali siku iyo hiyo. Tusimtie dawa za miti shamba wala matone ya jirani. Tena, kama jicho lilipata kupigwa, hata miaka mingi iliyopita, tumwambie daktari.