Thamani kwa Timu Yake: Kura Zilizolingana za Mwaka 2002

Wasomaji wetu wanaobishana majumbani kila msimu kuhusu nani mchezaji bora, huenda wakanufaika na kisa cha mwaka 2002 katika NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada.

Ligi hiyo ina tuzo iitwayo Hart, iliyoanza kutolewa mwaka 1924. Wapigao kura si makocha wala wachezaji, bali ni waandishi wa habari za mchezo huo, kupitia chama chao. Kila mwandishi hutaja majina matano kwa mpangilio: wa kwanza hupata alama 10, wanaofuata 7, 5, 3 na 1. Anayetafutwa ni mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake, na maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo chimbuko la mizozo yote.

Msimu ule Jarome Iginla wa Calgary, ambaye baba yake ametoka Nigeria, aliongoza ligi nzima kwa mabao 52. Hata hivyo timu yake haikufuzu kuingia hatua ya mtoano. José Théodore, kipa wa Montreal, alizuia takriban mikwaju 93 katika kila 100, na timu yake ikapenya. Ni yupi basi mwenye thamani zaidi? Kura zilipohesabiwa, kila mmoja alikuwa na alama 434! Théodore akatwaa tuzo kwa sababu waliomweka wa kwanza walikuwa 26, na waliomweka Iginla wa kwanza walikuwa 23. Wachezaji wenyewe, ambao wana tuzo yao ya pembeni, walimchagua Iginla.

Sisi hatuoni dhambi katika kumchagua kipa. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Kilichotutatiza ni usiri. Mwandishi mmoja tu angalimpandisha Iginla ngazi moja, mshindi angalibadilika, na chama hakikuwa kikitangaza nani alimpigia nani.

Tangu mwaka 2018 chama hicho huzichapisha kura zote pamoja na majina ya waliozipiga. Leo mwandishi wa Montreal akimpendelea kipa wa mji wake, mashabiki wa Calgary watalisoma jina lake, nao hawatasita kumwuliza.