Kabla ya Kununua Nyumba Kijijini

Wengi wetu huku Ngara na Biharamulo tunanunua nyumba kwa maneno tu. Tunakunywa rubisi, tunapeana mikono, basi. Kesho mke wa muuzaji anasema, "Mimi sikuuza." Naye ana haki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kukubali. Kwa hiyo tumwulize mama kwanza. Halafu twende halmashauri ya kijiji, ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa sheria ya mwaka 1999. Pesa baadaye, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Tusome kabla ya kutia sahihi! Na nyumba tuitazame wakati wa mvua. Ukuta wa matofali mabichi huanza kulika chini. Ukiwa umelika, bei ipungue.